Saklipu: namna ya kuitoa, kuirudisha, na kwanini uanze na gruvu

Leo nataka tukae na kitu kimoja tu, saklipu. Ile ringi ya chuma yenye mdomo wazi na masikio mawili yenye vitundu, inakaa kwenye shafti au ndani ya tundu ili beringi au gia au pini isihame mahali pake. Kuna wanaosema sekilipu, kuna wanaosema snepu ringi, wengine loki tu basi, na ukikutana na makaratasi ya mashine za Kijerumani utaona wameandika Seeger, yote ni kitu hichohicho. Naandika kwa ajili ya fundi kijana anaeanza na mwenye pikipiki au gari anaependa kufungua mwenyewe, ila hata wakongwe naomba msome ile sehemu ya gruvu maana hapo ndo naona wengi tunakosea.

Kuna kijana wa bodaboda aliniletea pikipiki inagonga. Injini ilikuwa imetoka kufanyiwa ovaholi sehemu nyingine, silinda imepigwa boa, pistoni mpya, ringi mpya, kila kitu, na hata mwezi haujaisha. Nikafungua hedi nikavuta silinda, nakuta ukuta wake una mstari umechimbwa kutoka juu mpaka chini, ukipitisha ukucha unazama. Saklipu moja ya pini ya pistoni haipo. Pini ilikuwa imesogea pembeni ikawa inakwangua silinda kila pistoni ikipanda na kushuka. Alafu lile boksi la pistoni mpya kijana alikuwa amelitunza, tukalifungua, saklipu mbili mpya zimo ndani kwenye kimfuko chake hazijaguswa. Aliefunga alirudisha zile za zamani. Yule kijana pikipiki ni ya mkataba, hesabu inatakiwa kila siku, na siku zote pikipiki ilipokaa kwangu deni lilikuwa linapanda tu. Tangu hapo kila kijana anaekuja kujifunza kwangu namuanzishia saklipu kabla sijamwonesha hata kuseti valvu.

Sasa elewa kwanza inashikaje. Saklipu ya shafti inatengenezwa ndogo kidogo kuliko mahali inapokaa. Chukua shafti ya milimita 20, ile ya beringi namba 6204. Gruvu yake, yaani ule mfereji mwembamba uliochongwa kuzunguka shafti, chini inapima milimita 19. Saklipu yake ikiwa imelala mezani haijavalishwa kitu, kwa ndani inapima 18.5. Ukiifungua ukaipitisha juu ya shafti ukaiachia, inajaribu kurudi kwenye 18.5 lakini inakutana na 19 inashindwa, ndo inabana. Ya ndani ya tundu ni kinyume chake, inatengenezwa kubwa kidogo, unaiminya inaingia, ukiachia inapanuka na kukaa kwenye gruvu. Tundu la milimita 47 gruvu yake ni 49.5 na saklipu ikiwa huru ni 50.5.

Lakini huo mbano kazi yake ni kuifanya saklipu isichomoke tu, mzigo haubebwi na mbano. Beringi ikisukuma inasukuma saklipu, na saklipu inasukuma ukuta wa gruvu, yule ukuta uliosimama ndo unaobeba kila kitu. Na ukihesabu, kwenye hiyo shafti ya 20 gruvu ina kina cha nusu milimita tu kwenda chini. Nusu milimita ya chuma ndo imezuia gia nzima isitoke. Ndo maana nasema ukifungua kitu ukakuta saklipu imeruka, usikimbilie dukani kununua nyingine, angalia gruvu kwanza, kwasababu saklipu nzuri ndani ya gruvu mbovu itaruka tena.

Gruvu unaiangaliaje? Isafishe kwanza na brashi na petroli au dizeli, kutu na grisi iliyokauka zinajaa mle ndani na saklipu inakaa juujuu badala ya kuzama. Tumia kitu chembamba kama kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, pitisha kuzunguka mpaka utoe uchafu wote. Alafu pitisha ukucha. Ukuta wa gruvu unatakiwa usimame wima na kona ya juu iwe kali, ukucha unakwama. Ukiona ukucha unapanda taratibu kama unapanda kilima basi ule ukuta umelala, umeliwa, na saklipu itakayokaa pale itainama kama sahani mzigo ukija, na ikishainama masikio yanapanuka yenyewe inatoka. Angalia pia upande wa mwisho wa shafti, kile kipande cha chuma kilichobaki kati ya gruvu na mwisho. Kinatakiwa kiwe na upana kama mara tatu ya kina cha gruvu, yaani shafti yetu ya 20 inahitaji angalau milimita 1.5. Ukikuta kina ufa au kimemeguka kidogo hapo hakuna mjadala, hiyo shafti haifai kurudi.

Tuje kwenye vifaa. Plaizi ya saklipu ziko aina mbili na watu wanachanganya, ya nje ukiminya mikono ncha zinafunguka, ya ndani ukiminya ncha zinafunga. Zina ncha zilizonyooka na zilizopinda, zilizopinda zinakusaidia mahali pa kina kama kwenye hausingi ambapo mkono unazuia usione. Unene wa ncha ndo kitu watu hawajali kabisa. Ncha ikiwa nyembamba kuliko kitundu cha sikio inateleza, ikiwa nene inaingia nusu, inaruka. Plaizi nzuri zinapangwa kwa saizi, kwa mfano zile za Knipex za nje, namba 1 ncha zake ni milimita 1.3 kwa shafti za 10 hadi 25, namba 2 ncha 1.8 kwa shafti za 19 hadi 60, namba 3 ncha 2.3 kwa 40 hadi 100. Sio lazima ununue hiyo kampuni lakini jua mpangilio uko hivyo, na ukiwa na namba 1 na namba 2 za nje na za ndani umemaliza karibu kazi zote za pikipiki na gari dogo. Zile plaizi moja yenye ncha za kubadilisha nne mimi sizipendi kwa kweli, zinacheza pale kwenye kiungo na ncha inapinda siku ya pili, na ncha ikiruka ukiwa umeivuta saklipu yote ile nguvu inaelekea usoni kwako.

Kuhusu uso, vaa miwani. Saklipu ni chuma cha springi na inaruka kwa kasi ambayo hutaiona. Kama huna miwani siku hiyo usifungue, au angalau funika kwa kitambaa mkono wa pili ukiwa juu yake, mimi huwa naweka mfuko mwepesi wa plastiki unaopitisha mwanga juu ya kazi yote alafu naingiza plaizi kwa chini ya mfuko, ikiruka inabaki humohumo na wala siitafuti chini ya benchi nusu saa. Na usiweke kichwa sawa na mstari wa shafti, kaa pembeni.

Kuitoa. Kabla hujaminya plaizi hakikisha saklipu haina mzigo. Hii ndo siri ya kutohangaika. Kama kuna springi nyuma yake, au beringi imesogea na kuiegemea, utaivuta mpaka uipinde na haitoki. Sukuma kile kitu kirudi ndani kidogo, hata robo milimita inatosha, utaona saklipu inalegea na inazunguka. Imekwama kwa kutu, weka oili ya kupenya ukanywe chai, rudi uizungushe na bisibisi ndogo kwenye sikio moja mpaka itembee kwenye gruvu, ikishazunguka itatoka tu. Alafu fungua kiasi kile kinachotosha kuvuka shafti, usizidishe. Huu ndo ugonjwa mkubwa, mtu ana nguvu za mkono, anaifungua mpaka inakuwa kama herufi U, na ikirudi hairudi 18.5 tena, inarudi 19 na kitu, hiyo tayari imekufa hata kama kwa macho inapendeza. Na bisibisi mbili badala ya plaizi mara nyingi zinaishia hapohapo, saklipu imepindika kwa upande na gruvu imekwaruzwa kona, unaharibu vitu viwili kwa mpigo.

Je unaweza kuirudisha ya zamani? Nikifungua kitu cha nje chenye saklipu nene, nimeitoa vizuri, naipima. Naiweka juu ya kioo au bapa la venia, kile kifaa cha kupimia milimita, naangalia kama imelala sawa bila kunyanyuka upande, alafu naivalisha kwenye gruvu bila ile gia au beringi naona kama inabana. Ile ya masikio ikizunguka kirahisi kwa kidole kwenye gruvu iliyo safi imechoka, tupa. Kama inabana na imelala sawa, inarudi. Lakini ndani ya injini na ndani ya gia boksi hapana, kule weka mpya kila mara, bei ya saklipu na bei ya kufungua injini tena havifanani hata kidogo.

Kuna jambo la pande mbili za saklipu ambalo nilifundishwa nikiwa tayari nina miaka kadhaa kazini na lilinishangaza. Saklipu hizi za bapa zinakatwa kwa mashine ya kupiga, kama unavyokata biskuti, kwa iyo upande mmoja kona zake zimeviringika kidogo na upande wa pili kona ni kali. Pitisha ukucha ukingoni utasikia. Ule upande mkali ndo unatakiwa uegemee ukuta wa gruvu unaobeba, yaani uangalie mbali na beringi, na ule ulioviringika uangalie beringi. Ukigeuza, kona ya mviringo ndo inakutana na ukuta wa gruvu, na mviringo kwenye nusu milimita ya ukuta unaanza kupanda. Kwenye vitu vya mzigo mdogo hutaona tofauti lakini kwenye gia boksi utaiona. Wakati wa kuirudisha pia ikague ikishaingia, usiamini ule mlio wa tik. Chukua bisibisi ndogo gusa masikio, zungusha kidogo, angalia kuzunguka pote kwamba imezama sawa, kwa ya nje ukiangalia mdomo wake upana wa uwazi utakuwa mdogo kuliko ulivyokuwa ikiwa juu ya shafti. Kama kuna sehemu imekaa juu ya kingo itaruka mara ya kwanza ukiwasha.

Na kitu unachokishika kikiwa na kona kubwa ya mviringo au iliyokatwa pembe, mfano beringi yenye kona pana au gia iliyochongwa kingo, mzigo haugusi saklipu karibu na gruvu bali unaigusa kule nje mwishoni, inakuwa kama mtu anavyotumia mtaimbo, inaipindua. Hapo kati yake weka washa, yaani ringi ya bapa isiyo na mdomo, iwe ngumu na yenye kona kali, ndo utaona kwanini kwenye gia boksi nyingi kila saklipu ina washa mbele yake. Ukifungua ukaikuta washa hiyo usiiache mezani ukadhani imezidi.

Kwenda dukani. Usimwambie muuzaji nipe saklipu kama hii ukamwonesha iliyopindika, anakupa inayofanana kwa macho. Pima shafti au tundu kwa venia, sio saklipu. Saklipu inaitwa kwa saizi ya shafti au tundu inapovaliwa, ya shafti 25 inaitwa 25. Namba za kiwango zinazotumika sana ni DIN 471 kwa za shafti na DIN 472 kwa za tundu, ukikuta boksi limeandikwa hivyo unajua unachonunua. Unene nao unafuata, ya shafti 20 na 25 zote ni 1.2 na gruvu yake ina upana 1.3, ya shafti 30 ni 1.5, ya tundu 47 ni 1.75, ya tundu 52 ni 2. Ukiwa na beringi mkononi ni rahisi zaidi, 6203 ni shafti 17 tundu 40, 6204 ni 20 kwa 47, 6205 ni 25 kwa 52. Saklipu nyembamba kuliko gruvu inaleta plei, inagonga mbele nyuma, na kugonga ndo kunakula gruvu. Nyingine usishangae beringi yenyewe ina saklipu kwenye ringi ya nje, hizo namba yake inaishia na herufi NR, ukinunua ya kawaida bila herufi haitashika, kwa iyo soma namba yote mpaka mwisho. Na tafadhali usifunge msumari uliokunjwa au waya wa kufungia nondo badala ya saklipu, nimekuta hivyo kwenye mashine ya kusaga, waya ulikatika puli ikatembea ikatafuna kava yake yote, na pale kuna mama anasimama na debe lake la mahindi.

Sasa tupitie sehemu chache ambazo nakutana nazo kila wiki.

Pini ya pistoni ya pikipiki. Hii saklipu sio bapa, ni ya waya wa duara, wala haina masikio. Ziba kwanza mdomo wa kranki kesi kwa kitambaa safi, ikidondokea mle unafungua injini nzima. Kwenye pistoni kuna kikato kidogo pembeni ya tundu la pini, hapo ndo unaingizia bisibisi ndogo kuitoa. Wakati wa kufunga, saklipu ya upande mmoja ifunge pistoni ikiwa bado mezani, alafu pistoni ivalishe kwenye konrodi, kwenye injini nyingi za muundo wa Honda ile alama ya IN inaangalia upande wa kabureta, piga pini, malizia saklipu ya pili. Mdomo wa saklipu usikae mkabala na kile kikato, na uangalie juu kabisa au chini kabisa, sio pembeni. Sababu yake fikiria injini ikiwa kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, ni mizunguko 100 kwa sekunde, pistoni inasimama juu na chini mara 200 kila sekunde, na kila ikisimama ghafla ile saklipu nayo inataka kuendelea na safari. Mdomo ukiwa pembeni miguu yake inatikiswa inalegeza mbano, ukiwa juu au chini nguvu inapita sawa kwa pande zote mbili. Zungusha saklipu kwa bisibisi ukimaliza uhakikishe imezama kwenye gruvu pote, usiangalie kwa haraka haraka, washa tochi.

Sproketi ya nyuma ya zile pikipiki za muundo wa Honda CG. Nyingi sproketi imeshikwa na saklipu moja kubwa ya nje kwenye habu, na kwa vile iko kwenye matope na vumbi siku zote inaota kutu mpaka haionekani. Isafishe, ilowanishe, izungushe kwanza kama nilivyosema. Ukirudisha paka grisi kidogo kwenye gruvu, sio kwa kuteleza bali kuzuia maji. Na ukikuta sproketi inacheza usilaumu cheni peke yake, shika sproketi vuta nje ndani, ikisogea sana basi saklipu au gruvu ya habu imeisha, na habu ni ya alumini inaliwa haraka.

Krosi ya propela shafti, kile kiungo cha umbo la msalaba, kwa wenye Hiace na pikapu. Zile saklipu ndogo ziko nne, moja upande wa nje wa kila kikombe cha beringi. Zikikwama piga kikombe kidogo kwenda ndani kwa nyundo na soketi, saklipu italegea. Toyota huwa wanatoa saklipu hizi kwa unene tofauti tofauti na sababu yake ni ya maana, krosi inatakiwa isicheze kwenda upande zaidi ya milimita 0.05, kwa iyo unachagua unene unaomaliza plei, na pande mbili zinazotazamana ziwe na unene sawa ili krosi ikae katikati. Ukiweka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine propela inazunguka ikiwa imehama kati, na dereva atakwambia gari inatetemeka mwendo ukizidi, mtahangaika kubalansi matairi bure.

Beringi ya tairi la mbele kwenye magari madogo mengi ya Toyota yale ambayo beringi inapigwa presi ndani ya nako, kile chuma kinachobeba tairi la mbele. Kuna saklipu kubwa ya ndani, mara nyingi imejificha nyuma ya sili na uchafu. Kijana anapeleka presi bila kuitoa, presi inalia, nako inapasuka au gruvu inameguka. Kabla ya presi osha, angalia pande zote mbili, toa saklipu, ndo upeleke. Ukirudisha beringi mpya isukume mpaka mwisho ili gruvu ionekane yote, ikionekana nusu beringi haijafika, usiigonge saklipu kwa nyundo ili iingie kwa nguvu.

Masta silinda ya breki ina springi nyuma ya pistoni yake. Sukuma pistoni ndani kwa kitu butu, ishikilie hapohapo, alafu toa saklipu kwa mkono wa pili, alafu achia taratibu. Ni kazi ya mikono mitatu kwa kweli, mwite mtu. Na kwenye breki sirudishi saklipu ya zamani hata mwenye gari akinibembeleza, ripea kiti inakuja nayo.

Alafu kuna zile ndogo za umbo la herufi E, hazina masikio, zinasukumwa kutoka pembeni ya pini. Wengi wenu mnaijua moja bila kuiita saklipu, ile ya sindano ya kabureta. Sindano nyingi zina vigruvu vitano na hiyo klipu inakaa cha katikati. Ukiipandisha klipu juu sindano inashuka, mafuta yanapungua, ukiishusha klipu sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Hamisha hatua moja moja, na isukume kwa plaizi ya bapa ikiwa imelala mezani, usiishike hewani, ikiruka ni ndogo kuliko punje ya mchele hutaiona tena.

Kitu kimoja kuhusu moto. Saklipu ni chuma cha springi kilichopikwa kwa kiasi maalum. Ukichomelea karibu nayo au ukaipasha kwa gesi ili beringi itoke, ikibadilika rangi ikawa ya bluu imepoteza nguvu yake, itafunguka kama waya wa kawaida. Ukipasha moto sehemu, weka mpya.

Na je gruvu ikishaliwa? Hapa ndo kazi ya fundi kereza, yule wa mashine ya kuchonga shafti, inaanza. Shafti ikiwa ya bei nafuu au inapatikana, nunua nyingine, ndo jibu langu la kwanza siku zote. Kama haipatikani, mfano shafti ya mashine fulani ya zamani, kuna njia ambayo imenifaa. Ukuta wa gruvu ulioliwa ni ule wa nje, unaoelekea mwisho wa shafti. Mwambie fundi akate kidogo kwenda nje, robo au nusu milimita, mpaka apate ukuta mpya uliosimama wima, kina kibaki kilekile. Saklipu sasa itakaa nje zaidi kuliko zamani, ile nafasi iliyobaki kati yake na beringi jaza kwa washa ngumu ya unene huo, beringi isibaki na plei. Hii inafaa tu kama kule mwisho bado kimebaki chuma cha kutosha, ile hesabu ya mara tatu ya kina, kama hakijabaki usijaribu. Sipendi kujaza gruvu kwa welding alafu kukereza upya, joto linabadilisha chuma cha shafti na baadae inakatika palepale. Na gruvu mpya kabisa usiikate katikati ya shafti mahali panapobeba mvuto wa mkanda, mfano kati ya puli na beringi, kila gruvu ni mahali ambapo shafti imepunguzwa nguvu na ufa unaanzia kwenye kona yake. Ikate karibu na mwisho, kule ambako shafti haipindwi.

Ukimpelekea kazi fundi kereza nenda na saklipu yenyewe mkononi pamoja na vipimo vitatu umeviandika, kipenyo cha chini ya gruvu, upana wa gruvu, na umbali kutoka mwisho wa shafti. Kwa shafti ya 25 utaandika 23.9, upana 1.3, na mwisho kusipungue 1.7. Asage kisu chake kwa upana huo huo wa 1.3 akate kwa kuingia moja kwa moja, akipima kwa venia kila baada ya kuingia kidogo. Alafu mwambie kabisa asipitishe faili wala msasa kwenye kona za juu za gruvu ili zing'ae, watu wa kukereza wana tabia nzuri ya kuondoa kila kona kali isikate mkono, lakini hapa ile kona kali ndo umeilipia. Valisha saklipu palepale dukani kwake kabla shafti haijatoka kwenye mashine.